Wanatupa viti, wanaitikia amina, ila hawasomi Biblia na sisi. Tuanzeje mazungumzo?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Igoma, Mwanza, anaongoza kikundi cha uinjilisti kanisani kwao. Ameandika hivi: "Bwana asifiwe mtumishi. Tunatoka kila Jumamosi asubuhi nyumba kwa nyumba, tupo kama watu sita. Watu wanatupokea vizuri, wanatupa viti, tunawapa vipeperushi, tunaomba nao, wanasema karibuni tena. Tukiwauliza kama wangependa kusoma Biblia na sisi wanasema sawa, ila siku tuliyopanga ukienda hayupo. Kuna mama mmoja wa genge alifurahi sana mwanzoni, sasa hivi akituona anaingia ndani. Tangu mwaka uanze hatuna hata mtu mmoja anayesoma na sisi mfululizo. Tunakosea wapi kwenye kuanza mazungumzo?"

Amina dada yangu, na hongereni kwa kutoka kila wiki, maana vikundi vingi vinawaka mwezi wa kwanza alafu vinapoa. Niseme moja kwa moja, shida yenu haiko mlangoni. Mlangoni mmeshapita, kiti mmepewa, na kwa watu wetu hapo ndo parahisi kuliko pote, mtu hata kama hataki kabisa kukusikia atakupa kiti na atakuuliza habari za huko ulikotoka kwa sababu amelelewa kwamba mgeni hafukuzwi. Kwahiyo ile karibu amekupa wewe mgeni, bado hajaipa Biblia uliyoshika. Na ile "sawa" anayokujibu ukimuuliza kama angependa kusoma Biblia inatoka kwenye adabu hiyo hiyo, anakusitiri tu, akisema hapana ataona kama amekuaibisha mbele ya mwenzako, basi anasema sawa mambo yaishe alafu siku ya siku anatafuta pa kwenda.

Na ukijiweka upande wake utaona anayo haki ya kukimbia. Unamuuliza "ungependa tuwe tunajifunza Biblia?" yeye kichwani anaona mambo kumi kwa mpigo: kila wiki watakuja hawa, itachukua mwaka, wataniambia nihame kanisa, mume wangu atasema nini, watanitaka sadaka, wataniuliza maswali nisiyoyajua nionekane mjinga. Hajawahi kusoma na wewe hata mstari mmoja, hajui inafananaje, alafu unamtaka akubali kitu kizima. Yani hata mimi ningesema sawa nikajifungia ndani.

Ninachowafundisha watu ni hiki: usimwalike mtu kusoma Biblia, soma naye. Siku hiyo hiyo ya kwanza, pale pale alipo, mistari miwili mitatu inayogusa kitu alichokisema yeye mwenyewe, dakika kumi au kumi na tano, alafu unaaga. Mwaliko uje baadaye kabisa, wakati mtu tayari anajua anachoalikwa.

Angalia Filipo kwenye Matendo 8. Yule Mwethiopia yuko garini kwenye barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, anasoma Isaya. Filipo hakumpa kipeperushi wala hakumuuliza kama angependa darasa, alisogea akasikia anasoma nini, akamuuliza kama anaelewa anachosoma, na mstari wa 35 unasema akaanza kwa andiko lilo hilo. Alianzia mtu alipo. Bwana Yesu na mwanamke Msamaria kwenye Yohana 4 alianza kwa kuomba maji, kisimani, kwenye kazi ya yule mama. Na wale wawili wa njia ya Emau kwenye Luka 24 aliwauliza ni maneno gani hayo mnasemezana, akawaacha wamwage yote ya moyoni kwanza, ndo baadaye akafungua Maandiko. Hakuna hata mmoja aliyeanzishiwa somo la kwanza ukurasa wa kwanza.

Kabla ya hodi kuna mambo ya kurekebisha, nayapitia haraka. Sita ni wengi mno kwa nyumba moja, mkiingia sita mama wa watu anaanza kuhangaika na viti na kuhesabu vikombe, na mwenye chumba na sebule hana hata pa kuwaweka. Luka 10 Bwana aliwatuma wawili wawili, nanyi mkawe jozi tatu, mmoja anaongea, mwenzake anasikiliza na kuomba kimya kimya na kubembeleza mtoto akisumbua, sio wote wawili kudakiana maneno. Mkienda kwa wanawake pawe na mwanamke kwenye hiyo jozi, hilo halina mjadala. Jitambulisheni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla, sio kwamba mnaomba ruhusa ya kuamini, katiba yetu ibara ya 19 imeshampa kila mtu uhuru huo, ni ustaarabu tu na unawaondolea wapangaji wasiwasi wa nyie ni nani. Alafu Jumamosi asubuhi kwa nyumba nyingi ni siku ya kufua, kudeki na kwenda sokoni, unamkuta mtu ana mapovu mpaka kwenye viwiko unamwambia akae. Jaribuni saa kumi na moja jioni, au Jumapili mchana watu wakishakula. Na msizunguke Igoma nzima, chukueni mitaa miwili muijue mpaka watoto wawajue majina. Hata kwenye Luka 10 wale wanafunzi waliambiwa wasihamehame kutoka nyumba hii kwenda nyumba hii.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, hapa nataka tukae.

Chukua nyumba ya wapangaji ya kawaida, korido katikati, vyumba huku na huku, mama amekaa kwenye kigoda uani na ungo mapajani anachagua mchele, redio inaongea. Umepiga hodi, umekaribishwa, umesalimia vizuri (salamu usizikimbize, kwa watu wetu salamu ni nusu ya mazungumzo, uliza watoto, uliza kazi, na usikilize majibu). Jitambulishe kwa sentensi moja ya kweli: "Mi naitwa fulani, huyu ni mwenzangu fulani, tunatoka kanisa lile la pale karibu na shule, tunapita mtaani kuzungumza na majirani kuhusu mambo ambayo Biblia inasema." Basi. Usijifiche, usiseme mnafanya utafiti, usiseme mmekuja kusalimia tu wakati umeshika Biblia mbili. Tangu yale ya Shakahola kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ambapo mhubiri alidaiwa kuwaambia waumini wafunge mpaka wafe na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu wanawaangalia wahubiri wa mlangoni kwa jicho lingine, nami nasema wana haki, hivyo mtu akikuuliza kanisa gani, mchungaji nani, mnataka nini, jibu lote kwa utulivu. Na mwambie mapema kwamba hapa hakuna sadaka wala mchango wowote. Msipokee hela nyumbani kwa mtu hata akilazimisha.

Baada ya hapo uliza swali, lakini liwe swali ambalo yeye ndo anajua jibu lake. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanauliza "ukifa leo unajua unakwenda wapi?" Najua linafundishwa sehemu nyingi na wanaolitumia wana nia njema, ila mtu usiyemjua anakuja kwako anaanza na kifo chako, moyo unajifunga, anajibu chochote ili upite. Au wanauliza swali la mtihani, "unajua Biblia inasema nini kuhusu sabato, kuhusu ubatizo?" Hapo mtu anajiona darasani. Muulize kitu kama: "Mama, ukiangalia maisha ya sasa hivi ni kitu gani kinakunyima usingizi zaidi?" au "Umewahi kuomba kitu kwa muda mrefu ukaona kama hujibiwi?" Alafu nyamaza. Kweli kabisa, nyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu, endelea kumsaidia kutoa chuya kwenye mchele. Mithali 18:13 inasema anayejibu kabla hajasikia ni upumbavu na aibu kwake, na mwinjilisti ndo mtu wa kwanza kuingia kwenye huo mtego kwa sababu amekuja na jibu mfukoni.

Tuseme amekujibu: "Yani mwanangu, mi naomba, naomba, kijana wangu amemaliza chuo mwaka wa tatu huu hana kazi, nimechoka hata kuomba." Usiruke kusema Mungu ni mwaminifu mama, muda wake bado. Mwambie pole, muulize jina la huyo kijana, muulize amesomea nini. Kisha sema hivi: "Mama, kuna mtu kwenye Biblia alimwambia Mungu karibu maneno hayo hayo uliyosema sasa hivi, ni mistari miwili tu, naomba nikuoneshe." Fungua Zaburi 13, muoneshe pale kwa kidole, muulize asome yeye au usome wewe. Mistari miwili ya kwanza neno "hata lini" linarudi mara nne. Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako? Msomee taratibu. Watu wengi wameenda kanisani miaka yote hawajui kwamba Biblia yenyewe ina mtu anamlalamikia Mungu hivi na Mungu hakumfuta kwenye kitabu. Muulize: "Huyu anaongea na nani? Unaona ana hali gani? Umewahi kusema sala kama hii?" Hapo ataongea, na akiongea mwache aongee.

Sasa sikiliza sehemu ya kuondoka maana hapa ndo funzo linazaliwa au linakufa. Zaburi hiyo ina mistari sita tu. Mtu aliyeanza kwa "hata lini" mara nne, mstari wa sita anaimba. Mwambie mama hivyo, "huyu huyu aliyekuwa analia hapa juu, ukishuka chini kidogo unamkuta anaimba. Nini kimebadilika hapo katikati, alijibiwa au hakujibiwa? Alhamisi nikitoka kazini saa kumi na moja nipite dakika kumi na tano tuangalie hiyo katikati, au siku hiyo inakubana?" Kisha simama uage. Utatamani umalizie pale pale, utatamani uongeze Warumi 8 na ushuhuda wa shemeji yako, acha. Kwenye ile habari ya Emau, mstari wa 28, Bwana alifanya kama anaendelea na safari na wale wawili ndo walimshikilia akae. Waliokuwa wanasikiliza ndo waliomng'ang'ania. Wengi wetu tunafanya kinyume chake, sisi ndo tunang'ang'ania mpaka mwenye nyumba anaanza kuangalia sufuria.

Umeona nilivyomuuliza "au siku hiyo inakubana?" Hiyo sio mapambo. Ukimpa mtu nafasi nyepesi ya kukataa, sawa yake inakuwa na uzito. Ongeza kabisa: "Na nikija nikakuta una kazi niambie tu, wala sitachukia, nitapita siku nyingine." Watu wanajificha chumbani kwa sababu hawana njia ya heshima ya kusema leo hapana, wape hiyo njia utashangaa wanaacha kujificha. Na ahadi iwe siku na saa na dakika ngapi, sio "tutapita pita". Ukisema dakika kumi na tano ziwe kumi na tano kweli, hata kama yamenoga, mwenye nyumba akisema endelea hapo sawa. Na ndani ya wiki hiyo hiyo, msisubiri Jumamosi ijayo tena au inayofuata, swali ulilomwachia linapoa.

Ukirudi Alhamisi usianze na habari mpya, anza na kijana wake, mtaje kwa jina. Alafu muulize kama alipata muda wa kuangalia. Kama aliangalia msikilize aliona nini, kama hakuangalia sio kosa, someni pamoja mstari wa 3 mpaka wa 6. Atagundua mwenyewe kwamba hakuna mahali pameandikwa matatizo ya huyu mtu yameisha, alichofanya ni kuendelea kumuomba Mungu amwangalie na kumwitikia, na kuzitumainia fadhili zake. Hilo ukimwambia wewe ni mahubiri, akiliona yeye kwa macho yake hatalisahau. Na hapo mwachie kingine cha wiki ijayo, mfano yule mjane wa Luka 18 aliyemrudia rudia kadhi mpaka akapewa haki yake, inaendana kabisa na mama aliyechoka kuomba.

Mkishakaa hivyo mara tatu nne ndo sasa sema wazi: "Mama, hiki tunachofanya ndo kusoma Biblia, unaonaje tukichukua kitabu kimoja tukaenda nacho mwanzo mpaka mwisho?" Mi napenda Marko, ina sura 16, ni visa vifupi vifupi vinavyokwenda mbio, havichoshi. Hapo hamna cha kuogopa tena kwa sababu anajua inafananaje, anajua hamkumla sadaka, anajua mnaondoka kwa wakati.

Zaburi 13 sio dawa ya kila mlango lakini. Mwinjilisti anatakiwa awe na vifungu vichache anavyovijua kwa undani, avioanishe na mambo watu wanayoyasema kweli. Mtu ana mgonjwa wa muda mrefu na hela imeishia hospitali, kuna yule mwanamke wa Marko 5 aliyetokwa damu miaka 12, amegharimia vyote alivyokuwa navyo kwa matabibu na hali ikazidi kuwa mbaya, ukimsomea mtu anayeuguza hakuna haja ya kueleza sana. Mzazi ambaye mtoto amepotelea mjini, Luka 15. Mwenye kesi ya kiwanja au mirathi na anaona haki inanunuliwa, Habakuki 1 mstari wa 2 mpaka wa 4. Mfiwa au mjane, Ruthu 1, pale Naomi anaposema wasimwite Naomi tena wamwite Mara. Chagueni vitano mvijue vizuri sana kuliko kubeba hamsini nusu nusu.

Na kuna mtu mmoja ambaye vikundi vinampita kila siku, dada wa kazi. Anafungua geti, mnamuuliza "wenyewe wapo?" anasema hawapo, mnageuka mnaondoka. Wenyewe! Yani yeye sio mtu. Mwanzo 16 kuna Hajiri, kijakazi, amekimbia mateso ya bibi yake yuko jangwani peke yake, na malaika wa Bwana anamwita kwa jina anamuuliza umetoka wapi nawe unakwenda wapi, na yeye ndo anamwita Mungu, Mungu anayeona. Mpe huyo dada salamu ya kweli, muulize nyumbani kwao wapi. Ila hapa uwe na hekima kubwa, yupo kazini, usimchongee kwa bosi wake, usiingie ndani wenye nyumba hawapo, mazungumzo yaishie hapo getini dakika mbili na kama anapenda kusoma uje siku bosi yupo uombe wazi wazi. Na kama ni mtoto mdogo, vivyo hivyo kwa watoto wote mnaowakuta wanacheza nje, hakuna kusoma nao bila mzazi au mlezi kujua na kukubali. Mwanamke aliyeolewa, mume ajue, tena bora aalikwe mapema, ikiwa ni siri itakuja kulipuka na Neno ndo litatukanwa.

Kusoma lenyewe lina aibu zake. Usimkabidhi mtu Biblia mkononi ukamwambia soma. Wapo wasiojua kusoma vizuri, wapo macho yameshaenda na miwani hana, na hatakwambia, atasema nimechoka kidogo njoo siku nyingine. Ndo maana nikasema uliza "usome wewe au nisome mimi?" kwa sauti ya kawaida tu. Kama anayo Biblia yake ndani ya kabati mwambie ailete, someni kwenye yake, hata kama ni tafsiri nyingine na ya kwako. Ile Union Version ya 1952 ndo wengi tumekua nayo na ina utamu wake, ila kijana wa miaka 20 kuna mahali ataachwa, kwake fungua tafsiri ya Habari Njema. Mzee wa Kisukuma ambaye Kiswahili kwake ni cha serikalini, Biblia ya Kisukuma ipo, au mwekee ya kusikiliza kwenye simu, mtaona uso unavyobadilika.

Nyumba za Wakatoliki mtakutana nazo nyingi tu Mwanza. Msiende kama mnaokoa mtu kutoka kwa Papa, huyo mama pengine anasali kila wiki na jumuiya ndogo ndogo yake, na hizo jumuiya maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji tangu miaka ya 1970, sio kitu cha juzi, na huko Maandiko yanasomwa. Muulizeni siku ya jumuiya yake ni lini mpange siku nyingine. Biblia yake ina vitabu 73 na yako 66, usiufanye huo kuwa mjadala wa siku ya kwanza, Zaburi 13 iko kwenye zote mbili. Akikuuliza tofauti mjibu kwa kweli na kwa upole, 1 Petro 3:15 inasema upole na hofu, ila wewe usiwe ndo unayelianzisha.

Nyumba ya Kiislamu, salimia kwa heshima, sema nyie ni Wakristo mnatoka wapi, na kama hawataki washukuru muendelee, kama mnakaribishwa kaeni kama majirani. Msibebe aya za Kurani kwenda kuwakamata nazo. Mihadhara ya uwanjani tunaijua, watu wanashangilia upande wao wanarudi nyumbani na hasira, sijaona jirani aliyeanza kusoma Biblia kwa sababu ameshindwa kwenye ubishi. Mwezi wa Ramadhani msiwapigie hodi jioni wakati wa futari. Na mwanaume usiingie nyumba ambayo mama yuko peke yake.

Nyumba yenye msiba, Biblia ikae kwenye begi. Toeni pole, ulizeni kazi iliyopo, kina dada waende jikoni, kina kaka wakafunge turubai au wabebe maji, mkae na watu. Baada ya arobaini watu wote wakishaondoka na nyumba imekuwa kimya, hapo mkipita na Ruthu 1 mtapokelewa kama ndugu.

Namba za simu, mwanaume asichukue namba ya mke wa mtu, achukue dada wa kwenye jozi. Na ukiwa na namba ya mtu usimtumie zile meseji za "tuma kwa watu kumi ubarikiwe" wala video za mahubiri ya saa zima kwenye WhatsApp. Tuma moja tu, siku moja kabla, "mama kesho ile saa kumi na moja ipo au tusogeze?" inatosha.

Sasa yule mama wa genge uliyeniandikia habari zake. Msiende tena kikundi. Aende dada mmoja tu aliyezoeana naye, siku ya kawaida, akanunue nyanya na vitunguu kama mteja, bila Biblia mkononi. Amwambie: "Mama, naona tulikuja wengi tukakubana na kazi yako, usijisikie vibaya, huna deni lolote na sisi." Alafu alipe aondoke. Na aendelee kununua pale, maana ni jirani hata asiposoma kamwe. Kama kuna kitu ndani yake siku moja atauliza mwenyewe, na akiuliza asipelekwe kanisani siku hiyo hiyo, asomewe mistari miwili pale pale kwenye genge kati ya mteja na mteja, kwa mtu wa genge hiyo ndo sebule yake.

Kitu kingine kinachowaponza ni hesabu mnazopeleka kanisani. Kama kila Jumapili mnaulizwa mmetembelea nyumba ngapi na vipeperushi vingapi vimetoka, mtakimbia nyumba thelathini na hamtakaa hata moja. Ongea na mzee wa kanisa au mchungaji wako, mwambie kwa miezi mitatu mtaleta taarifa nyingine: ni nyumba gani mmesoma nao andiko, walisema nini, na mmeahidi kurudi lini. Nyumba mbili kwa jioni moja zinatosha sana kwa jozi moja. Na wale wenyeji waambieni kabisa wawachunguze, kama wale wa Beroya kwenye Matendo 17:11 waliokuwa wakiyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na aliyekuwa anachunguzwa hapo ni Paulo mwenyewe.

Wiki hii msitoke Jumamosi. Kutaneni Ijumaa jioni nyie sita, kaeni wawili wawili, mmoja awe mwenye nyumba na asimulie shida yake ya kweli sio ya kuigiza, mwenzake amsikilize mpaka amalize ndo afungue Zaburi 13, asome mistari miwili, aulize, aage. Pangeni na saa, mkiona mtu amepita dakika kumi na tano mwambieni akaanze upya. Atakayesumbuka zaidi ni yule anayejua Biblia kuliko wote, mvumilieni, mpeni nafasi ya kunyamaza. Alafu Jumapili saa kumi na moja mtoke.